Kabla ya Formula 1 kuna gokati: mtoto wa Ikola angeanzia wapi?

Tarehe 13 Desemba 2024, jijini Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda imeomba kuandaa mashindano ya magari ya langalanga, yaani Formula 1. Aliyasema hayo mbele ya wajumbe wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, waliokuwa wamekutana nchini humo kwa mkutano wao mkuu na hafla ya kuwatuza mabingwa wa mwaka. Haikuwa habari ndogo. Mara ya mwisho magari hayo kushindana katika bara letu ilikuwa mwaka 1993, kwenye uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini. Wengi wa vijana wanaotusikiliza leo walikuwa hawajazaliwa.

Tangu siku hiyo, kipindi chetu cha michezo kimekuwa kikipokea ujumbe wa aina mbili. Kuna wanaouliza mashindano yataanza lini na tiketi itauzwa shilingi ngapi. Hao tunawaomba wavute subira, kwa sababu katika ratiba ya Formula 1 ya mwaka 2026 hakuna mbio hata moja inayofanyika Afrika. Aina ya pili ndiyo iliyotufanya tukae chini na kuandika makala haya: wasikilizaji wa mwambao wa ziwa, Ikola na Karema, wanaouliza kama mtoto wa kwao anaweza siku moja kuendesha gari la namna hiyo.

Tungeweza kujibu "inawezekana" na kuendelea na muziki. Lakini jibu hilo halimsaidii mzazi. Madereva wa langalanga hawaanzii kwenye magari ya langalanga. Karibu wote wameanzia utotoni, kwenye vigari vidogo vya mbio viitwavyo gokati. Kwa hiyo swali la kweli ni kama mtoto wa Ikola anaweza kupata gokati akiwa na miaka 8 au 9, akapata pa kuiendeshea, akapata wa kushindana nao, na nani atalipa. Tukilitazama hivyo, tunaona kwamba habari muhimu zaidi kutoka Kigali wiki ile haikuwa tangazo la Rais Kagame. Ilikuwa habari nyingine ndogo, tutaifikia.

Gokati ni kitu gani

Ukiiona kwenye simu unaweza kuidhania kifaa cha kuchezea. Ni fremu ya mabomba ya chuma, kiti kigumu, usukani, breki, magurudumu manne madogo na injini iliyokaa ubavuni mwa dereva. Haina springi wala shokapu. Haina mlango wala paa. Na jambo linalowashangaza wengi, haina mkanda wa usalama. Sababu ipo: gokati haina kizimba cha chuma cha kumkinga dereva, kwa hiyo ikipinduka ni heri arushwe pembeni kuliko abaki amefungwa chini yake. Ndiyo maana watoto wale huvaa helmeti, glavu, kinga ya mbavu na ovaroli nzito hata jua likiwa kali.

Kitu kingine ambacho gokati haina ni difu, na hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Kwenye gari la kawaida, difu huliruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani wakati wa kukata kona, kwa sababu la nje lina safari ndefu zaidi. Gokati ina ekseli moja ya nyuma, chuma kimoja kilichonyooka, na magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa yatake yasitake. Ukiingia kwenye kona, moja linaburuzwa, na kuburuzwa ni kupoteza mwendo. Dawa yake ni kulinyanyua gurudumu la nyuma la upande wa ndani lisiguse lami kwa muda mfupi sana. Dereva anafanya hivyo kwa namna anavyoukata usukani na namna uzito unavyohamia upande wa pili, huku fremu yenyewe ikijipinda na kufanya kazi ya springi zisizokuwepo. Akiukata mno, mwendo unakufa. Akiukata kidogo, anatoka nje ya njia. Mtoto anayerudia jambo hilo mara mia kwa siku, wiki baada ya wiki, anajengeka hisia ya gari ambayo mtu mzima aliyejifunza kwenye Noah hataipata kirahisi.

Injini nayo ingewafanya mafundi wetu watabasamu. Daraja la vijana la kimataifa linatumia injini ya cc 125, ukubwa uleule wa bodaboda nyingi zinazopita mbele ya studio yetu. Tofauti ni kwamba inaendeshwa kwa petroli iliyochanganywa na oili, kama zilivyo injini nyingi za boti za uvuvi. Fundi wa Ikola anayejua kipimo cha oili kwenye dumu la petroli hawezi kupotea akiifungua. Kwa kuwa gokati ni nyepesi, injini hiyo inaisukuma kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, dereva akiwa amekaa sentimita chache tu juu ya lami.

Na kwa kuwa wepesi ni mwendo, kuna kanuni ya uzito wa chini, gari na dereva wakipimwa pamoja. Mtoto mwembamba hufungiwa vipande vya risasi kwenye kiti ili asiwe na faida kuliko wenzake. Risasi ni madini tunayoyafahamu: mgodi wa risasi wa Mpanda ndio uliovuta reli kutoka Kaliua enzi za mkoloni. Hilo tumelitaja kwa kupita tu.

Aliyeunda gokati ya kwanza, Mmarekani Art Ingels, hakuwa tajiri. Alikuwa fundi kwenye karakana ya magari ya mashindano huko California, na mwaka 1956 alichomelea mabomba, akafunga injini iliyotengenezewa mashine ya kukatia nyasi, akaiendesha kwenye maegesho ya magari. Majirani wakataka ya kwao. Mwaka 1964 tayari kulikuwa na ubingwa wa dunia. Tunalisema hili kwa sababu mchezo huu leo unaonekana wa matajiri, na ni kweli umekuwa hivyo, lakini ulizaliwa kwenye gereji.

Ngazi ya watoto

Mashindano ya gokati yanapangwa kwa umri. Wadogo, kati ya miaka 8 na 11 hivi, wana daraja lao lenye injini ndogo. Kisha lipo daraja la vijana, Junior, ambalo kwa kawaida ni la miaka 12 hadi 14. Baada ya hapo mtoto anaingia kwa wakubwa, na akifikisha miaka 15 au 16, kama ana kipaji na ana fedha, anahamia kwenye magari halisi ya mbio, kuanzia Formula 4.

Max Verstappen wa Uholanzi alianza gokati akiwa na miaka minne na nusu. Baba yake aliendesha Formula 1, na mama yake, Sophie Kumpen, alikuwa dereva hodari wa gokati. Mwaka 2013, akiwa na miaka 15, Max alitwaa ubingwa wa dunia katika daraja la gokati zenye gia. Miaka miwili baadaye alikuwa ndani ya Formula 1 akiwa na miaka 17, jambo lililoifanya FIA iweke umri wa chini kuwa 18. Kwa hiyo mtoto anayeanza kufikiria mchezo huu akiwa kidato cha nne anashindana na wenzake wenye uzoefu wa miaka kumi. Katika soka tumewaona vijana waliotoka kwenye ndondo wakiwa na miaka 18 wakafika mbali. Huku mlango unafungwa mapema zaidi.

Mfano unaotajwa zaidi na wasikilizaji wetu ni Lewis Hamilton, Mwingereza ambaye babu na bibi yake upande wa baba walitoka kisiwa cha Grenada. Alizaliwa mwaka 1985, akapewa gokati iliyotumika akiwa na miaka 8. Akiwa na miaka 10 alikuwa bingwa wa watoto Uingereza, na mwaka 1998, akiwa na miaka 13, timu ya McLaren ilimsaini na kuanza kumgharamia. Mwaka 2007 akaingia Formula 1, na sasa ana mataji saba ya dunia.

Watu huisimulia habari hii kama ushahidi kwamba kipaji kinatosha. Sisi tunaisoma tofauti. Kati ya miaka 8 na 13 kulikuwa na baba yake, Anthony, aliyefanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja ili matairi na petroli vipatikane, na aliyekuwa fundi wa mwanawe kila mwisho wa wiki. Kulikuwa na uwanja wa gokati wanaoweza kuufikia kwa gari. Kulikuwa na mashindano ya watoto yenye kalenda, waamuzi na matokeo yanayoandikwa, ili wakubwa wa McLaren wakitafuta mtoto hodari waone jina lake. Ondoa kimojawapo, kipaji kile kingebaki stori ya mtaani. Hamilton mwenyewe amesema zaidi ya mara moja kwamba mtoto wa familia kama yake leo hawezi kufika, kwa sababu mchezo umekuwa wa watoto wa mabilionea.

Takwimu hazimpingi. Toto Wolff, kiongozi wa timu ya Mercedes, aliwahi kukadiria kwamba kumpeleka mtoto mwenye kipaji kwenye mashindano ya gokati ya ndani na ya kimataifa, hadi anapoingia magari makubwa, kunaweza kula kiasi cha euro milioni 1. Ni zaidi ya shilingi bilioni mbili na nusu, na hapo Formula 4 haijaanza. Fedha haziendi kwenye gari lenyewe tu. Zinakwenda kwenye matairi laini yanayokwisha ndani ya siku mbili za mashindano, kwenye injini zinazofunguliwa na kukarabatiwa kila baada ya saa kadhaa za kazi, kwenye mafundi, nauli, ada na siku za mazoezi.

Kwa upande wa kwetu Afrika Mashariki, yupo Naomi Schiff. Ana asili ya Rwanda kwa mama, alizaliwa Ubelgiji na kukulia Afrika Kusini, ambako ndiko alikoanzia gokati. Mwaka 2019 alishiriki W Series, mashindano ya wanawake, na leo ni mchambuzi wa Formula 1 kwenye televisheni ya Uingereza. Damu yake ni ya ukanda wetu, lakini gokati ilimkuta Afrika Kusini, kwenye viwanja. Hatuoni sababu ya kuificha tofauti hiyo.

Sisi tuna rali, watoto hawana ngazi

Asije mtu akasema mbio za magari ni jambo geni kwetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na miaka ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh, ambaye Wakenya walimwita Simba wa Kenya, aliishinda mwaka 1965 kwa Volvo ambayo kiwanda kilikuwa kimemaliza kuitumia, kisha akaishinda tena 1974 na 1976. Alikuwa fundi wa magari kutoka Kericho, mtoto wa familia ya gereji. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, aliishinda mara tano. Jody Scheckter wa Afrika Kusini, Mwafrika pekee kuwa bingwa wa dunia wa Formula 1, mwaka 1979, naye alikulia kwenye biashara ya magari ya baba yake. Ukitazama majina hayo utaona kuna gereji nyuma ya kila hatua.

Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na sasa Naivasha inajaa kila mwaka. Hapa Tanzania tuna rali za taifa chini ya Chama cha Magari Tanzania, AAT, ikiwemo Mkwawa Rally ya Iringa, na waliowahi kusimama kando ya vumbi lile wanajua namna watu wanavyotoka vijijini kuangalia. Lakini rali ni mchezo wa watu wazima wenye leseni na wenye magari. Mtoto anabaki mtazamaji.

Majirani wameanza kuliziba pengo hilo. Kenya ina mashindano ya viwanja vya vumbi yenye daraja la watoto, na watoto wa Nairobi kwa miaka mingi wamezizoea gokati za kukodi eneo la Lang'ata. Uganda imelichukua jambo hili kwa pikipiki: pale Garuga, karibu na Entebbe, watoto wadogo kabisa hushindana kwa pikipiki za cc 50, wakapanda daraja kadiri wanavyokua. Tusijidanganye, hata huko wengi ni watoto wa wenye uwezo. Ila kuna kalenda, kuna waamuzi, kuna gari la wagonjwa, na mtoto anajua mwakani atashindana wapi.

Kwetu, nafasi ya kwanza ya mtoto kushindana ni shuleni, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari. Michezo yenye magurudumu ya injini haimo, na hatudhani itaingia karibuni.

Kwa nini gokati haiwezi kufika Ikola

Hapa tuseme wazi, kwa sababu ndoto isiyopimwa inawaumiza watoto. Gokati halisi inahitaji lami laini kama sakafu. Kwa kuwa haina springi na tumbo lake karibu linagusa chini, kokoto moja inatosha kuharibu fremu au kumtoa dereva njiani. Mtu akijitolea leo kuwaletea watoto wa Ikola gokati kumi za kisasa, haitapita wiki moja kabla hazijawa mapambo. Pa kuziendeshea hapapo. Kujenga njia maalumu ya lami kwa ajili hiyo, kijiji cha wavuvi kikiwa na mahitaji mengine yanayojulikana, ni jambo ambalo hata sisi wapenzi wa mchezo tusingelitetea kwenye baraza la madiwani.

Sasa turudi Kigali kwenye ile habari ndogo tuliyoiahidi. Katika wiki hiyohiyo ya Desemba 2024, Max Verstappen alikuwa akitumikia adhabu. Septemba alikuwa ametumia neno la matusi kwenye mkutano wa waandishi wa habari huko Singapore, na FIA ikamwamuru afanye kazi ya kijamii. Aliifanyia Rwanda, akiwa na vijana wa Klabu ya Magari ya Rwanda, na kazi hiyo ilihusu kigari kiitwacho Cross Car. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu matusi. Tunadhani yaliikosa habari.

Cross Car ni binamu wa gokati aliyezaliwa shamba. Kina fremu ya mabomba, kiti kimoja na injini ya pikipiki. Lakini kina springi na shokapu, kwa hiyo kinapita kwenye vumbi na mashimo. Kina kizimba kamili cha chuma kinachomzunguka dereva, na humo ndani mtoto anafungwa mkanda. FIA ilichora ramani za toleo la bei nafuu na kuzitoa bure kwa vyama vya nchi wanachama, ili kila nchi ikate mabomba yake na kuchomelea yenyewe. Kigari alichokutana nacho Verstappen kilikuwa kimeundwa Rwanda, na kuna daraja la vijana la kimataifa kwa magari ya aina hiyo.

Tafakari hilo kwa macho ya Katavi. Tunahitaji mabomba ya chuma, mafundi wa kuchomelea, injini za pikipiki na ardhi ya vumbi. Mafundi wapo Mpanda, na kwenye mwambao wapo wanaounganisha fremu na kufufua injini za boti kwa vipuri vya kuungaunga. Injini za pikipiki ni nyingi kuliko tunavyotaka. Vumbi hatuna haja ya kulitaja. Hata watoto wako tayari: nani hajawaona wakitengeneza vigari vya mbao, wakiomba beringi chakavu gereji ili ziwe magurudumu, kisha wakishuka navyo mteremkoni mmoja akisukuma na mwingine akishika usukani wa kamba? Ule ni mchezo wa mbio za magari. Haujapewa breki tu, wala mtu mzima wa kuusimamia.

Hatari ambayo tayari ipo

Kuna wazazi watakaosema huku ni kuwafundisha watoto mwendo kasi. Hoja hiyo tunaiheshimu, na tungeiunga mkono kama watoto wetu wangekuwa mbali na injini. Hawako mbali. Kijana wa miaka 14 akiwa juu ya bodaboda ya kaka yake, bila helmeti, abiria wawili nyuma, ni picha ambayo hakuna msomaji wa mkoa huu atakayesema hajaiona. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu, anajua haimruhusu, na anaendesha. Wakikutana wawili kwenye kipande kilichonyooka, wanashindana. Mbio za vijana Katavi zipo tayari, zinafanyika barabarani, na mshindi hapati kikombe.

Hatudai kwamba uwanja wa vigari utaifuta tabia hiyo. Tunachokiona ni kwamba mtoto aliyefungwa mkanda, aliyekaguliwa helmeti, aliyefundishwa maana ya bendera ya njano na aliyetolewa mashindanoni kwa kumgonga mwenzake makusudi, amepata elimu ya usukani ambayo mwenzake wa barabarani hajaipata.

Lakini lazima tuweke breki na sisi. Mtu asisome makala haya kisha kesho akamchomelea mwanawe kigari kwa mabomba ya fensi. Ramani za FIA zina thamani kwa sababu zinasema bomba liwe la unene gani, maungio yakae wapi, mkanda ufungwe kwenye nini, tangi la mafuta likae wapi lisimwagikie injini. Kizimba kilichochomelewa kwa kukisia kinavunjika siku ya kwanza kinapohitajika, na hapo kinakuwa mtego. Pia hakuna mashindano ya watoto bila mhudumu wa afya na gari la wagonjwa uwanjani. Kutoka Ikola hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Mpanda ni safari ndefu, na mtoto aliyeumia kichwa hana muda huo. Kwa sababu hiyo pekee, kama jambo hili litaanza, tunaona lianzie Mpanda mjini, na watoto wa Ikola, Karema na kwingineko waletwe wakati wa likizo. Wapo watakaotulaumu kwamba tumewanyang'anya. Tunaona ni bora lawama.

Gharama nazo zipo. Ramani kuwa bure hakufanyi helmeti za watoto zenye viwango kuwa bure, wala viti, mikanda, matairi na bima. Kigari kimoja kinaweza kuwahudumia watoto wengi kwa zamu, tofauti na gokati ya mtoto wa tajiri anayeimiliki peke yake, na hilo linapunguza mzigo. Halimalizi mzigo. Inahitajika klabu iliyosajiliwa, kwa sababu mzazi mmoja mmoja hawezi, na Baraza la Michezo la Taifa, BMT, halitambui mchezo unaoendeshwa kienyeji bila katiba wala viongozi. Afisa michezo wa wilaya ndiye mlango wa usajili huo, na shule ya ufundi au chuo cha VETA kingeweza kuwa karakana, kwani kuchomelea fremu kwa vipimo ni somo zuri kwa wanafunzi wake hata kama hakuna mtoto hata mmoja atakayefika mbali kwenye mbio.

Na wengi hawatafika. Kati ya maelfu ya watoto wanaoshindana gokati Ulaya, madereva wa Formula 1 ni wachache kiasi kwamba wanaingia wote kwenye basi moja. Mtoto wa Katavi aliyepita kwenye kigari cha vumbi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa dereva wa rali, fundi wa timu, mkaguzi wa magari ya mashindano, au tu dereva wa lori ambaye hajaua mtu. Wasikilizaji waliotuuliza walikuwa wakimfikiria Hamilton. Sisi tungeridhika na hao wengine.

Rwanda ina mpango wa uwanja wa mbio karibu na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, uliobuniwa na Alexander Wurz, dereva wa zamani wa Formula 1. Ni mradi wa fedha nyingi, na uamuzi uko mikononi mwa wamiliki wa mashindano. Ramani za Cross Car hazimsubiri mtu huyo. Ziko kwa vyama wanachama wa FIA, na AAT ni mwanachama. Wiki zijazo kipindi chetu kitazipeleka hoja mbili kwa wahusika. Kwanza, kwa AAT: ni utaratibu gani klabu ya mkoani, iliyo zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, inaufuata ili ipewe ramani hizo na mkaguzi wa kuidhinisha fremu ya kwanza? Pili, kwa ofisi za michezo za wilaya zetu: ni eneo gani Mpanda, mbali na barabara na makazi, linaweza kutengwa kwa siku mbili kwa mwezi? Mafundi wa kuchomelea wanaotaka kusikika katika mjadala huo watutumie majina yao kwa ujumbe mfupi, namba ni ileile ya kipindi cha michezo.